Ukisoma simulizi za watumwa wa Marekani, angalia kwanza nani alishika kalamu

Kama unataka kuujua utumwa wa Marekani kwa mdomo wa walioupitia, vitu vipo bure mtandaoni, ni bando lako tu. Ingia kwenye tovuti ya Library of Congress, ile maktaba ya taifa ya Marekani, utafute Born in Slavery, utakuta mahojiano zaidi ya 2,300 yaliyochukuliwa kati ya 1936 na 1938, na picha za wazee wenyewe kama 500 hivi. Ilikuwa kipindi cha ule mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ikawapa kazi waandishi wasio na ajira wapite majimboni wakaongee na wazee.

Sasa wengi wanakosea hapa, wanafungua ukurasa wowote wanaanza kusoma, wanakutana na bibi anasema bwana wetu alikuwa mtu mwema na chakula tulikula, basi wanafunga wanaenda kubishana huko kwamba kumbe utumwa haukuwa mbaya kihivyo. Tulia. Rudi juu ya karatasi uone jina la aliyehoji, maana wahojaji wengi walikuwa wazungu na hii ni Kusini mwa Marekani enzi za ubaguzi, watu weusi wananyongwa mitini.

Mfano mzuri soma Susan Hamlin, bibi aliyewahi kuwa mtumwa, wa Charleston, South Carolina, 1937. Huyu alihojiwa na watu wawili tofauti. Wa kwanza, Jessie Butler, mzungu, na bibi alidhani katoka ofisi ya misaada, kwa hiyo akamsifia bwana wake wa zamani. Akaja Augustus Ladson, mweusi mwenzake, bibi yule yule akafunguka habari za viboko, na za binti aliyeolewa usiku, kesho yake kauzwa, mama mtu akamtukana hadharani mzungu aliyemuuza. Yani hata huku kwetu bibi akiona mgeni na daftari anajua ni watu wa mradi, majibu anayapima. Zisome zote mbili kwa mpigo, usichague moja.

Halafu piga hesabu ya umri. Uhuru ulikuja 1865, kwa hiyo mzee wa miaka 80 mwaka 1937 alikuwa mtoto wa miaka 8, kazi nzito ya shambani pengine hajaianza, aliyechapwa jua lote ni mama yake. Na akisema zamani tulishiba, ujue huyo anayeongea yuko kwenye ule mdororo, huenda ana njaa siku hiyo hiyo.

Lugha nayo itakusumbua, waliandika matamshi ya wazee kwa spelingi za ajabu ajabu (mengine waliyaongezea chumvi wenyewe, mi naona hivyo) na programu za kutafsiri zinakwama, we soma kwa sauti utaelewa.

Ukichoka kusoma, sikiliza. Kuna sauti ya Fountain Hughes, mzee aliyewahi kuwa mtumwa, mzaliwa wa Charlottesville, Virginia, alirekodiwa Baltimore mwaka 1949. Weka earphone. Anaeleza walivyouzwa kama farasi, ng'ombe na nguruwe, na kwamba huwezi kutoka bila karatasi ya ruhusa kutoka kwa bwana. Humo ndani anaulizwa angependa lipi, utumwa au uhuru, naye anajibu kwamba angejua atarudishwa utumwani angechukua bunduki akamaliza kila kitu hapo hapo, maana ukiwa mtumwa we ni mbwa tu.