Tumia rejeo lenye aina kabla ya kukimbilia pointa isiyo na aina

Ikiwa funksheni yako ya C++ inapaswa kubadilisha thamani ya kigeu cha mwitaji (msimbo unaoiita), pokea kigeu hicho kwa rejeo, yaani jina jingine la kigeu kilekile, kwa mfano `double&`, badala ya pointa isiyo na aina, `void*`. Pointa isiyo na aina hubeba anwani ya kumbukumbu tu. Haijui kilichopo kwenye anwani hiyo ni cha aina gani wala kina ukubwa wa baiti ngapi, na kwa sababu hiyo kompaila (programu inayotafsiri msimbo) hupokea anwani ya kigeu chochote bila kunung'unika. Tuseme funksheni inaigeuza pointa hiyo kuwa `double*` na kuandika humo baiti 8, ilhali mwitaji alipitisha anwani ya `int`, ambayo katika mashine nyingi za leo ina baiti 4: baiti 4 zilizozidi zitaharibu data ya jirani, na hitilafu huenda ikajitokeza mahali pengine kabisa, jambo linalofanya kuitafuta kuwe kazi ya kuchosha sana. Kwa `double&`, kosa hilohilo hukataliwa na kompaila kabla programu haijaendeshwa. (Jihadhari, hata hivyo, na `const double&` (rejeo la kusoma tu): hiyo huikubali `int`, lakini hushika nakala ya muda, si kigeu chenyewe.)

`void*` ina nafasi yake pale baiti zinaposhughulikiwa kama baiti, kama `memcpy` (funksheni ya kunakili baiti) ifanyavyo, au unapoita `qsort`, funksheni ya C ya kupanga data. Hata hapo, ningeifungia ndani ya funksheni moja ndogo, ili ugeuzaji wa aina usisambae katika msimbo wote.