Kuzuia Uvujaji wa Boksi la Stelingi katika Land Cruiser ya Zamani

Katika Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambazo nyingi bado zinafanya kazi katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki, boksi la stelingi likivuja lawama huiangukia sili ya chini, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasitoke, ule unaozunguka shafti inayoshika mkono wa stelingi. Ni kweli kwamba sili hiyo huchakaa, lakini mara nyingi kuna kitu kinachoiua, na fundi asiyekitafuta ataifungua kazi hiyo tena upesi.

Osha kwanza boksi, pampu na mipira ya presha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha nyunyiza poda. Injini ikiwa inanguruma, mwenzako azungushe usukani pande zote mbili huku ukiangalia ni wapi poda inalowa kwanza, kwa sababu mafuta yanayotoka kwenye nati za mipira au kwenye sili ya juu hutiririka hadi chini na kumdanganya mtazamaji.

Uvujaji ukithibitika kuwa wa chini, nyoosha magurudumu yatazame mbele, weka alama kwenye shafti na kwenye mkono wake, halafu ung'oe mkono huo kwa pula, kifaa cha kuvutia. Usiupige nyundo, kwani kishindo chake hupokelewa na beringi zilizo ndani. Sasa shika shafti uitikise kwa nguvu: ikicheza upande kwa upande, beringi au bushi zake zimekwisha, na sili mpya haitadumu.

Ninashauri boksi lishushwe, ingawa wengi hubadilisha sili likiwa garini, kwa kuwa likiwa mezani utaitoa shafti kupitia kifuniko cha juu na kuikagua kwa utulivu. Pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unaposugua. Mikwaruzo midogo ya kutu husafishwa kwa msasa laini sana, lakini ukucha ukikwama kwenye mfereji, shafti hiyo ibadilishwe. Unapoirudisha, jino lake la katikati liingie kwenye nafasi ya katikati ya meno ya ndani, vinginevyo gari litakata kona vizuri upande mmoja tu.

Funika meno madogo ya mwisho wa shafti, yale yanayoshika mkono, kwa utepe ili yasichane sili, paka mafuta, elekeza upande wenye springi ndani, kisha ugonge sili taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana sawa na ukingo wake.

Skrubu iliyo juu ya kifuniko hurekebisha mwachano wa meno, wala haizuii uvujaji. Ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona.

Jaza ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya Dexron II au III, kamwe usitumie mafuta ya breki, kwa maana huvimbisha na kuozesha sili za mpira. Inua magurudumu ya mbele, egemeza gari kwenye stendi imara, uzungushe usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ukiongeza mafuta yanapopungua. Kisha washa injini na urudie, bila kuushikilia usukani mwishoni, mpaka mapovu yaishe kwenye kikopo cha mafuta ya stelingi.