Kupika Wayusa, Chai ya Alfajiri ya Amazoni

Wayusa ni majani ya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Ilex guayusa, na ambao jamii za wenyeji za Wakichwa, Washuar na Waachuar wameutunza kwa karne nyingi katika Amazoni ya Ekuador na Peru. Mimi nilifundishwa kuipika katika nyumba ya familia moja ya Wakichwa karibu na Archidona, mkoani Napo, na tangu hapo siku nyingi huianza asubuhi yangu kwa kuinywa. Wengi wanaoijaribu kwa mara ya kwanza huifanya kama majani ya chai waliyoyazoea: huyamwagia maji ya moto, husubiri dakika tatu, kisha husema kinywaji chenyewe hakina ladha. Wayusa haiandaliwi kwa haraka namna hiyo. Hupikwa juu ya moto mdogo mpaka jani lilegee.

Hatua ya kwanza: kulijua jani

Jani la wayusa ni refu kama kiganja au zaidi, gumu kidogo kama ngozi, lenye meno madogo ukingoni na mshipa wa kati uliotokeza upande wa chini. Mti huu ni wa ukoo mmoja na ule unaotoa yerba mate, chai ya majani ya Paraguay na Argentina. Ni nadra kuuona ukichanua, kwa hiyo Wakichwa huuendeleza kwa vipandikizi vya matawi, ambavyo huchomekwa katika chakra, yaani shamba la msituni lenye mihogo, migomba, mikakao na miti ya dawa kwa pamoja. Kilimo hicho cha chakra cha Napo kiliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2023. Matumizi yenyewe ni ya kale: katika kaburi la mganga huko Niño Korin, nyanda za juu za Bolivia, mbali na mahali mti huu unapoota, yalikutwa mafungu ya majani ya wayusa yenye umri wa takriban miaka 1,500.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujua kwamba tuna mti wa jamii hiyohiyo, Ilex mitis, unaoota kando ya mito katika misitu ya milimani. Huo si wayusa, na majani yake yasichumwe kwa kudhani kwamba undugu wa miti ni undugu wa dawa. Nunua majani kwa muuzaji anayeweza kukutajia yalikotoka, na ikiwezekana yawe mazima, kwa sababu jani lililosagwa haliwezi kukaguliwa.

Hatua ya pili: kukausha, ukipata majani mabichi

Hapa ndipo ladha inapopatikana au kupotea. Bibi mwenye nyumba alichuma majani yaliyokomaa na kuyaacha machanga mtini, akayafuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, akayakunja, kisha akayatunga kwenye uzi wa nyuzi za mmea kama anayetunga shada la maua. Shada hilo alilitundika juu ya jiko la kuni, pembeni kidogo, mahali ambapo joto lilifika lakini moshi mzito haukufika. Niliporudi kwangu niliyaanika majani yangu juani kwa kutaka kuokoa muda. Yalikauka kwa siku moja, yakapoteza rangi, na chai yake ikawa na ladha ya nyasi kavu. Yaanike kivulini, penye upepo, kwa siku nne hadi saba kulingana na hali ya hewa, mpaka jani livunjike kwa sauti ukilikunja huku likiwa bado na ukijani.

Hatua ya tatu: kupika

Kwa lita moja ya maji mimi hutumia gramu 10 za majani makavu, au majani mabichi 12 hivi. Yavunjevunje kwa mkono, yatie katika maji baridi ndani ya sufuria, kisha washa moto. Maji yakianza kuchemka, punguza moto mpaka yawe yanatokota taratibu, funika, na uache kwa dakika 20. Rangi itaanza kuwa ya manjano iliyochanganyika na kijani, halafu itaelekea kahawia kama ya asali. Usiogope kuiacha zaidi, kwa kuwa haifanyi ule ukali unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana. Wenyeji huiacha jikoni kwa saa nzima na zaidi. Epua, iache itulie dakika tano, uchuje. Sukari haihitajiki, kwani utamu wake mdogo hutokea mwishoni, baada ya kumeza.

Hatua ya nne: kunywa

Wakichwa huita unywaji huu wayusa upina. Watu huamka kwenye saa tisa au kumi za usiku, hukaa kuzunguka moto, na kata ya kibuyu hupita mkono kwa mkono huku wakisimuliana ndoto na wazee wakiwaonya vijana kuhusu siku inayokuja. Katika nyumba niliyokaa, hakuna aliyesemeshwa jambo zito kabla ya kumaliza kata yake ya kwanza. Washuar na Waachuar hunywa nyingi kisha hujitapisha ili kusafisha tumbo. Huo ni utaratibu wao wenye malezi yake, nami sishauri mtu auige peke yake.

Wayusa ina kafeini, na kikombe kizito kinaweza kukaribia kahawa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huweka kiwango cha juu cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito, zikihesabiwa pamoja na kahawa na chai nyingine. Mwenye shinikizo la damu au matatizo ya moyo amuulize daktari kwanza, wala asiache dawa zake kwa ajili ya jani hili.

Majani yaliyochujwa yasitupwe mara moja. Yarudishie nusu lita ya maji na uyapike kwa nusu saa. Chai ya pili huwa nyepesi, nami ndiyo ninayowapa wageni wa mchana.