Kontra sebuleni: mazoezi ya watu wanne kabla ya kwenda ukumbini

Shemeji yangu na rafiki zake wawili waliniomba niwaandae kwa dansi ya kontra, dansi ya jadi ya Marekani ya kuchezwa kwa kundi, pale Glen Echo Park, Maryland, kwenye ule ukumbi wa mwaka 1933. Pamoja nami tukawa wanne, na wanne ndio hasa wanaohitajika. Kontra huchezwa katika safu mbili ndefu, jozi moja ikikabiliana na nyingine, kisha kila raundi unasogea na kukutana na jozi mpya. Kwa hiyo usijizoeze na mwenza mmoja tu. Badilishaneni kila dakika chache.

Hatua ya 1: Nane

Wekeni wimbo wa fidla wa mapigo 110 hadi 120 kwa dakika. Tembeeni ovyo sebuleni, hatua moja kwa kila pigo, na kila baada ya mapigo manane geukeni, bila kuhesabu kwa sauti. Anayekosea akabandike chai. Raundi moja ni mapigo 64, yaani nane mara nane, na ukishazisikia hizo nane mwilini, mengine yanafuata.

Hatua ya 2: Kupeana uzito

Kupeana uzito ni kuegemea nyuma kidogo mkiwa mmeshikana, ili mvutano wa mmoja ulingane na wa mwenzake. Hapa nilipoteza miezi. Nilidhani kupeana uzito ni kuvuta, nikavuta kwa mikono hadi bega la kulia likauma, nikaacha kucheza mwezi mzima. Uzito unatoka mgongoni na kwenye nyonga. Mkono ni kamba tu.

Simameni wawili wawili, uso kwa uso, miguu ikikaribiana. Kunjeni vidole kama ndoano na mshikane. Dole gumba lisibane kabisa, maana ndilo linaloumiza watu. Shusheni mabega. Sasa rudini nyuma polepole kama mnaokaa kwenye kiti kisichokuwepo, kisha muinuke pamoja. Rudieni mpaka asiwepo anayeyumba.

Mkiwa hamlingani, mzito apunguze na mwepesi aongeze, mpaka kila mmoja asikie mvutano uleule. Kipimo changu ni hiki: mwenzako akiachia ghafla, je, utabaki umesimama? Kama utaanguka, umemtwika mzigo wako. Mwenye bega au kiganja kibovu aseme mapema, na asivutwe hata kidogo. Dansi inachezeka vizuri tu kwa mguso mwepesi.

Mkishaweza, shikaneni mkono mmoja wa kulia, kiwiko kikunjwe kidogo, kiganja kisipinde, mzungukane kwa mapigo manane. Halafu mmoja afumbe macho. Zoezi hili nalipenda kuliko yote: aliyefumba macho hana pa kutegemea ila mvutano wa mkono, na baada ya mizunguko miwili uso wake unabadilika, ameelewa. Mkono ukilegea kama ugali wa maji, atapotea. Ukikaza kupita kiasi, ataburutwa.

Hatua ya 3: Swingi

Swingi ni wawili kuzunguka pamoja mahali pamoja. Kaeni mkao wa dansi ya kushikana, nyayo za kulia zikikaribiana kwa pembeni. Mguu wa kulia unabaki karibu na kitovu cha mzunguko, wa kushoto unasukuma, kama kijana wa Goma anavyosukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Mnazunguka kwa mwendo wa saa. Anzeni kwa kutembea tu. Kizunguzungu kikija, tazama uso wa mwenzako, usitazame ukuta. Kwenye pigo la nane fungukeni mkitazama ndani, aliye katika nafasi ya Robin akiwa kulia kwa Lark (ndiyo majina ya nafasi mbili za kila jozi). Mimi nasisitiza kila mtu ajifunze nafasi zote mbili.

Viatu: soli laini ya ngozi, safi. Raba inayong'ang'ania sakafu inapinda goti, siikubali hata kwa mgeni.

Hatua ya 4: Hei

Hei ni watu wanne kupishana kwa kujisuka, kama nyuzi za msuko. Pangeni viti vitatu kwa mstari, mpite kwa kujisuka katikati yake. Kisha toeni viti, mpishane ninyi wenyewe: bega la kulia katikati, la kushoto pembeni.

Hatua ya 5: Anayeita hatua anyamaze

Ukumbini kuna mtu anayetangaza hatua inayofuata. Mmoja wenu aite hatua hivyo raundi mbili, ya tatu anyamaze. Mtu akipotea, msimsukume. Mnyoosheeni mkono na mumtazame machoni, ataona pa kwenda. Siku yenyewe fikeni mapema. Kwa kawaida kuna somo fupi la wageni kabla ya dansi, na shemeji yangu alilihudhuria ingawa alishajua kila kitu.