SOMO: Siku mbili Moshi bila kupanda mlima (soma kwanza, ndipo uulize)

Wakuu, habari za wakati huu.

Tangu nihamie Moshi nimegeuka ofisi ya utalii ya ukoo mzima. Shemeji anakuja, jirani yake shemeji naye anakuja, na wote wanauliza yaleyale: twende wapi, tule nini, tununue nini. Naandika mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza namtumia hapa.

1. Tiketi: kata mapema. Desemba ndiyo kabisa, Wachaga wanarudi nyumbani.

2. Malazi: lala katikati ya mji. Omba chumba cha juu kinachotazama kaskazini.

3. Mlima: amka saa kumi na mbili asubuhi. Kibo (mita 5,895) kushoto, Mawenzi (mita 5,149) kulia. Siku nyingi saa tatu haijafika, mawingu yameshaufunika. Wanaolala hadi saa nne ndio wanaorudi Dar wakisema Moshi hakuna mlima. Ukiukosa, jaribu tena jua likielekea kuzama.

4. Siku ya kwanza, Materuni: panda gari la Uru. Lipa kiingilio kijijini, chukua risiti. Maporomoko ni ya mita 80 hivi na maji yake ni ya kukata mifupa. Vaa viatu vyenye meno, maana mvua ikinyesha ile njia ni sabuni. Ukirudi utakoboa kahawa, utaikaanga, utaitwanga na kuinywa hapohapo. Mbege (pombe ya ndizi) onja ukishashuka, usianze nayo.

5. Siku ya pili, Chemka, chemchemi ya kuogelea. Hapa soma polepole, ndipo nilipoharibu. Kwanza jina linadanganya: Chemka haichemki. Maji ni vuguvugu tu, rangi ya bluu, na unaona mizizi ya miti hadi chini. Unapanda kifodi (daladala ndogo) mpaka Boma Ng'ombe, kisha bajaji au bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Mara ya kwanza nilienda na binamu zangu wawili. Tukapatana na mwenye bajaji kwenda na kurudi, nikamlipa yote palepale, tena nikajiona mjanja kwa kupunguziwa. Namba yake ya simu sikuchukua. Saa kumi na moja tumetoka majini, hayupo. Saa kumi na mbili, hayupo. Tukatembea gizani na taulo mbichi mabegani mpaka kirikuu (kigari cha mizigo) iliyobeba majani ya ng'ombe ilipotuonea huruma, kwa bei aliyoitaka dereva.

Kwa hiyo: lipa ya kwenda tu. Chukua namba, ipige palepale usikie inaita. Mpe saa kamili, saa tisa ni saa tisa, usimwambie "jioni". Pia jiepushe na Jumapili na sikukuu, utakuta vichwa na spika badala ya maji. Na kina kipo. Hujui kuogelea, kodi boya.

6. Kula: mtori asubuhi, machalari (ndizi na nyama) mchana, nyama choma usiku. Kiburu (ndizi na maharage) hukipati kila hoteli, ulizia kwa mama lishe. Kisusio ni supu yenye damu, usije ukasema hukuambiwa.

7. Manunuzi: mitumba ni soko la Memorial, nenda asubuhi wakati belo zinafunguliwa. Kahawa na ndizi nunua siku ya kuondoka.

MASWALI

Kijana wa Kimara: Mkuu, bajeti ya watu wawili shilingi ngapi?
— Mnalala wapi? Mnakula kwa mama lishe au hotelini? Leta maelezo.

Tanga Raha: Maji ya Chemka hayaunguzi watoto?
— Hatua ya 5, mstari wa pili.

Mzee wa Fursa: Mbona kampuni zinaunganisha Materuni na Chemka siku moja? Unatupotezea siku.
— Zinaunganisha kwa sababu gari lao linawasubiri mlangoni. Moja iko juu mlimani, nyingine iko bondeni kupita Boma Ng'ombe. Wewe na kifodi utashinda stendi. Ukitaka kujaribu jaribu, ila usinipigie saa moja usiku.

Binti Singida: Nakuja na mama, magoti yanamsumbua. Materuni atafanya nini?
— Swali zuri. Asiende kwenye maporomoko. Aishie kijijini, aungane nanyi kwenye kahawa, ile ni kazi ya kukaa. Kesho yake Chemka itamfaa: kivuli kipo, atatumbukiza miguu na samaki wadogo watamdonoa, atacheka. Ila bajaji ipande polepole kwenye mashimo. Mpe shikamoo yangu.

Binti Singida: Asante sana. Na kahawa ninunue ipi?
— Iliyokaangwa ila haijasagwa, kama una kinu. Iliyosagwa harufu inakimbia upesi. Ya huku ni arabika. KNCU, ushirika wa wakulima wake, upo tangu 1933.

Jiko la Mama D: Nilipika machalari Dar, ndizi zikawa kama kuni. Nakosea wapi?
— Hukupata mshare, ndizi ya kupika. Ukifika sokoni itaje kwa jina, na chukua mbichi, safarini zinaiva.

Mangi wa Rombo: Naongezea: paka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Utomvu wake hautoki kwa sabuni.
— Kweli kabisa, nilisahau. Na nguo nyeupe weka mbali.

Kijana wa Kimara: Mkuu, tarehe 23 Desemba nitapata basi?
— Hatua ya 1.