Mhusika wako anadaiwa na nani? Jinsi ya kumuumba mtu wa hadithi na rolplei anayeaminika

Mimi naandika zile hadithi za kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mpaka watu wanalalamika umewaacha na arosto, na usiku nacheza rolplei, yaani yale maigizo ya kuchati ambayo kila mtu anashika mhusika wake na hadithi inakwenda kadiri mnavyojibizana. Swali linalokuja sana inboksi ni hili: mbona mhusika wangu nampenda lakini watu hawamwamini? Nikiomba nimsome nakuta kitu kilekile, mrefu, maji ya kunde, anakaa Masaki, gari nyeusi, hacheki hovyo. Sawa, sura nzuri, ila sura haifanyi kitu, ikifika sehemu ya tatu mwandishi mwenyewe hajui huyu mtu leo ataamka aende wapi.

Mimi sura naiweka mwisho. Twende.

Hatua ya 1: anza na deni

Kabla ya rangi ya macho andika mhusika wako anadaiwa na nani, na yeye anamdai nani. Si lazima iwe pesa. Kuna deni la kulelewa na mama mdogo, kuna deni la rafiki aliyekubali kusingiziwa yeye ili wewe upone. Ukishaandika deni moja umepata watu wawili kwa mpigo, umepata yaliyopita, umepata na kitu anachokiogopa, na hujaandika hata mistari mitatu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Shija, kazaliwa 1998, fundi simu Kariakoo mtaa wa Aggrey. Mwaka 2018 kaka yake Kulwa aliuza maksai wawili, wale wa kulimia, ili Shija aje chuo Dar. Mwaka wa pili Shija akadisko, yaani akafeli akaondolewa chuo. Nyumbani hajasema mpaka leo, wao wanajua yupo ofisini. Kulwa tangu hapo analima kwa kukodi maksai wa jirani, na hajawahi kulitaja hilo hata siku moja. Hapo penye kutokulitaja ndipo penye mhusika jamani, maana mtu anayekudai kwa kelele unaweza ukamchukia ukapumzika, anayekudai kwa kunyamaza unatembea naye.

Hatua ya 2: jina na mwaka, usikurupuke

Jina la kwetu linabeba habari. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni yule anayezaliwa baada ya mapacha, kwa hiyo nikiandika Shija tu msomaji wa Shinyanga ameshajua kuna wawili mbele yake. Mwanahamisi unaisikia Alhamisi humohumo. Tabu, Shida, Masika, kila moja kuna kitu kilitokea nyumbani siku ile. Usimpe mhusika jina kwa sababu linasikika kali, mpe jina ambalo mama yake angempa.

Hapa niseme kitu kinaniudhi. Kuna waandishi wakishaandika Msukuma basi ni mshamba, Mchaga anawaza hela, Mhaya anaringa, na mhusika umekwisha hapo. Utani wa makabila ni mali yetu na naupenda, lakini hata jirani yako unayemtania ukimjua vizuri unakuta hafanani na utani. Shuleni tulifundishwa wahusika bapa, duara na shinda, basi huyo wa utani mtupu ni bapa, yaani wa upande mmoja asiyebadilika, hata umwandikie kurasa mia.

Halafu mwaka. Ukishajua kazaliwa lini, pitisha kidole kwenye kalenda ya mji. Shija alipokuja 2018 basi lilimshusha Ubungo, sio Mbezi, kwa sababu stendi ya Magufuli imefunguliwa 2021. Mwendokasi alizikuta zinatembea, zilianza 2016. M-Pesa ilipoingia nchini 2008 yeye alikuwa na miaka kumi, kwa hiyo anakumbuka enzi za kumpa pesa mtu wa basi apeleke nyumbani. Na 2021 machinga walipoondolewa barabarani yeye alikuwa mmoja wao, anauza makava ya simu chini, ndipo akahamia kwenye meza ya fundi mmoja ndani ya fremu akajifunza kulehemu. Mimi sikubuni kwamba akawa fundi simu, mwaka ndio ulinipa.

Hatua ya 3: hela ya siku moja

Hii watu wanairuka na ndiyo inayomfanya mtu awe na damu. Chukua karatasi umpitishe siku nzima, tangu anaamka mpaka analala, na kila anapotoa hela andika, kwa sababu Dar huwezi kutoka nyumbani bila kutoa hela. Chai anakunywa wapi, kwa mama ntilie au anavumilia mpaka mchana, meza anailipia kwa siku au kwa mwezi, kodi ya chumba mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita, mchezo wa kuchangiana pesa anacheza na nani na zamu yake ya kupokea ni lini.

Mfano. Shija anakaa Gongo la Mboto. Jioni Kariakoo daladala zinagombaniwa, mwenye akili anageuza nalo, yaani analidaka likiwa linaingia mjini, anakaa siti, anazunguka nalo, ila unalipa nauli mara mbili. Shija hageuzi. Anasimama njia nzima na begi la vifaa mgongoni. Sasa ukiandika sehemu ya kumi kwamba leo Shija kageuza, hujasema ana furaha wala kachoka, msomaji aliyemfuatilia anajua kuna kitu kimetokea. Huo ndio utamu wa kumjua mtu wako kwa shilingi.

Hatua ya 4: anachoficha na mahali anapokifichia

Kila mtu ana siri, hiyo haitoshi, siri lazima iwe na kazi ya kila siku. Kulwa akipiga mchana Shija anaacha simu ya mteja imefunguliwa mezani, anapanda ngazi za lile jengo mpaka ghorofani ambako spika za matangazo za chini hazisikiki, ndipo anapokea, anaongea polepole kama mtu wa ofisini. Siku moja akapokelea ngazi ya pili kwa kuchelewa, Kulwa akasikia kelele, Shija akasema yupo kikaoni. Tangu siku hiyo Kulwa hapigi tena mchana, hataki kumharibia mdogo wake kazi. Deni limeongezeka.

Umeona, sijaandika "Shija alijisikia vibaya". Tafuta ngazi za mhusika wako.

Hatua ya 5: mdomo wake

Mtu haongei namna moja. Shija kwa mteja ni boss, mkuu, dada'angu. Kwa mafundi wenzake ni oya na mwanangu. Kwa Kulwa ni mwangaluka kwanza, ile salamu ya Kisukuma, halafu kaka, halafu sauti inashuka. Kwa mwenye nyumba ni shikamoo, na mwezi wa kodi shikamoo inakuwa ndefu kidogo. Andika salamu nne za mhusika wako kwa watu wanne, kama zote zinafanana bado humjui. Lafudhi usiijaze kila sentensi, neno moja la kwao likitoka akiwa amekasirika linatosha kabisa.

Hatua ya 6: kama ni wa rolplei

Hadithi uko peke yako, rolplei uko na watu, kwa hiyo mhusika lazima awe na mlango wa wengine kuingilia. Ndiyo maana deni linafaa sana huku, unawaambia grupu Shija anadaiwa, nani anataka kuwa Kulwa, nani anataka kuwa mwenye fremu, tayari mna mchezo.

Udhaifu uwe wa kweli. Wanaocheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa rolplei ya mezani wa Marekani wa 1974, mhusika wao ana namba sita, nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto, na nimeona kwamba ile namba ndogo ndiyo inayoleta vituko vizuri mezani. Mhusika anayepigana na kila mtu akashinda, anawachosha wenzake, wanaacha kujibu mmoja mmoja na grupu inakufa. Niliipenda sana grupu moja iliyokufa hivyo.

Na mambo mawili tafadhali. Usimwamulie mhusika wa mwenzio, andika "nilimrushia ngumi", usiandike "nikampiga akaanguka", kuanguka aamue mwenyewe. Pili, unachokijua wewe kwa kusoma chati, Shija hakijui mpaka aambiwe.

Hatua ya 7: daftari

Fupi hii. Kila ukibuni kitu kiandike, umri, jina la mama, jeraha liko mkono gani. Niliwahi kumzika mama wa mhusika sehemu ya nne, akaja kupiga simu sehemu ya kumi na tisa. Kuna msomaji alikuwa amefiwa na mama yake kipindi hicho, ndiye aliyeniambia, na nilimwomba radhi kwa sauti, sio kwa meseji.

Hatua ya 8: mjaribu kabla hujamtoa

Andika tukio moja ambalo hutalitumia popote, deni linakuja mlangoni bila taarifa. Mimi nilimleta Kulwa. Saa sita usiku yupo Mbezi stendi ya Magufuli, kachoka na basi la siku nzima, ana gunia la mchele, anapiga: "Nimefika mdogo wangu, kesho nataka nipaone hapo ofisini kwako, nikawasimulie nyumbani." Usipange jibu. Andika haraka anachofanya mhusika, dakika kumi tu, kisha mpe mtu mmoja asome bila kumweleza chochote, umuulize, huyu kijana unadhani kesho atafanya nini?

Wa kwanza niliyempa aliniambia atampeleka kwenye jengo la watu asimame naye nje amwonyeshe dirisha. Wa pili akasema atamwonyesha meza. Walibishana kuhusu Shija mpaka usiku wa manane kama vile wanamjua, na asubuhi yake ndipo nikaposti sehemu ya kwanza.