Anza na "acabar": vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili kwa wanaojua Kireno

Nafundisha Kiingereza Mtwara, na wanafunzi wangu wengi wametoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji: Palma, Mocímboa da Praia, Pemba. Shule wamesoma kwa Kireno. Msumbiji inapakana na nchi 6, na zote zinatumia Kiingereza maofisini, kwa hiyo lugha hii wanaihitaji kweli. Mtu anafika akiwa na sarufi nzuri, lakini akisikia "give up" anakwama. Give anaijua, up anaijua. Kukata tamaa kumeingiaje hapo?

Usimpe orodha ndefu akariri. Nilifanya hivyo mwanzoni: Ijumaa wanaimba vyote, Jumatatu hakuna kilichobaki. Anza na Kireno chenyewe. Andika ubaoni acabar de, acabar com, acabar por; acabar yenyewe ni kumaliza. Cha kwanza ni kuwa umetoka kufanya jambo sasa hivi, cha pili ni kukomesha, cha tatu ni kuishia pale usipopapanga. Kitenzi ni kilekile, kijineno cha nyuma ndicho kinachogeuza maana. Hapo mwanafunzi anaona kwamba jambo hili amelifanya tangu darasa la kwanza. Sasa mpe "end up", ndugu wa acabar por, na "come across", ndugu wa dar com, yaani kukuta kitu bila kutarajia.

Watakimbilia maneno yanayofanana na ya kwao: desistir itakuwa "desist", tolerar, yaani kuvumilia, itakuwa "tolerate". Si makosa, ila mtu wa forodha atasema "give up" na "put up with", na mwanafunzi atapotea. Daftarini waandike jozi: adiar na put off (kuahirisha), descobrir na find out (kugundua), continuar na carry on (kuendelea). Kila jozi iwe na sentensi ya maisha yao. Mama mmoja muuza samaki aliandika kwamba mteja "put off the payment", na kitenzi hicho hakijamtoka mpaka leo.

Penye kazi hasa ni mahali pa kuweka "it". "Turn off it" naisikia kila wiki. Dawa iko kwenye Kireno: desliga-o, yaani izime. Ile -o imeshikamana na kitenzi, basi na "it" ikae hapohapo: turn it off, pick it up, put it off. Look for haigawanyiki. Ni look for it. Tofauti yake wafundishe kwa sikio kabla ya kanuni. Kwenye turn it off sauti inakazwa kwenye off. Kwenye look for it inakazwa kwenye look, na for inapita haraka. Wasomeshe kwa sauti mpaka masikio yazoee.

Vitano kwa wiki vinatosha. Wiki ya kwanza nachagua vya nyumbani: wake up, ambayo ni acordar, get up, ambayo ni levantar-se, halafu turn on, turn off na put on. Taa iwashwe kweli, shati livaliwe kweli, na mwanafunzi aseme huku mikono yake ikitenda.